Bei ya nyumba inaposhuka: kununua, kusubiri au kukopa upya?

MKULIMA wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini hahitaji kufundishwa maana ya kusubiri bei. Kila msimu wa mavuno hupiga hesabu ileile: auze gunia sasa bei ikiwa chini, au aliweke ghalani hadi Januari huku akiomba dumuzi wasilifikie kabla ya mnunuzi? Anayenunua naye hupiga hesabu hiyo kwa upande wa pili. Bei inashuka, anajiambia wiki ijayo itashuka tena, anasubiri. Siku anayotoa fedha mfukoni, bei imekwishapanda na malori yameondoka.

Nyumba ni bidhaa ngumu kuliko mahindi kwa sababu wengi huinunua kwa fedha ya mkopo, na mkopo nao una bei yake, yaani riba. Mnunuzi wa nyumba kwa hiyo ana bei mbili za kutazama kwa wakati mmoja, na bei hizo hazitembei pamoja. Nchi ambako jambo hili lilionekana kwa ukubwa wake wote ni Marekani, kati ya mwaka 2006 na 2012. Yaliyowapata wanunuzi wa huko yanafaa kuchunguzwa na yeyote anayefikiria kupeleka hati yake benki, iwe ni ya nyumba, ya shamba au ya kiwanja chenye fremu za biashara.

Mteremko wa miaka sita

Kwa mujibu wa kipimo cha bei za nyumba cha Case-Shiller, chenye majina ya wachumi Karl Case na Robert Shiller, bei za nyumba Marekani zilifika kileleni mwaka 2006. Zikaanza kuteremka, na hazikufika chini kabisa hadi mwanzoni mwa 2012. Kwa nchi nzima zilishuka kwa takriban asilimia 27.

Wastani huo unaficha mengi. Mjini Las Vegas nyumba zilipoteza zaidi ya asilimia 60 ya bei yake, na Phoenix zaidi ya nusu. Dallas, ambako bei hazikuwa zimepanda kwa kasi hapo awali, mteremko haukufika hata nusu ya wastani wa nchi. Mahindi yakikosa bei Songea yanaweza kupakiwa kwenye lori yakatafute soko Dar es Salaam. Nyumba ya Las Vegas haipakiwi. Bei ya nyumba ni ya mtaa wake, na mtu anayesoma gazetini kwamba "bei zimeshuka" bado hajajua lolote kuhusu nyumba anayoitaka.

Miaka sita ni mirefu, na haikuwa mteremko mtupu. Kulikuwa na vipindi vya kupumua ambapo bei zilitulia au kupanda kidogo, na kila mara walijitokeza watu wa kutangaza kwamba chini pamefikiwa. Kipindi kilichowaponza wengi kilikuwa mwaka 2009 na nusu ya kwanza ya 2010. Serikali ya Marekani ilitoa nafuu ya kodi ya hadi Dola 8,000 kwa mtu anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza, kwa sharti kwamba awe amesaini mkataba ifikapo Aprili 30, 2010. Watu walikimbilia. Nafuu ilipokwisha, mauzo ya nyumba zilizokwishakaliwa yalianguka kwa takriban asilimia 27 katika mwezi mmoja wa Julai 2010, na baada ya hapo bei zikaendelea kuteremka.

Kwa aliyenunua nyumba ya Dola 200,000 ili asikose hizo Dola 8,000, kushuka kwa asilimia nne tu kulitosha kuifuta nafuu yote. Wauzaji wa pembejeo wanalijua hili vizuri. Ruzuku yenye tarehe ya mwisho huwavuta wanunuzi wa mwezi ujao waje mwezi huu, kisha duka hubaki tupu.

Riba nayo ikashuka

Wakati nyumba zinapoteza bei, riba ya mikopo ya nyumba ilikuwa ikishuka pia. Wastani wa riba ya mkopo wa miaka 30, kama unavyokusanywa na taasisi ya Freddie Mac, ulikuwa takriban asilimia 6.4 mwaka 2006. Mwaka 2009 ulikuwa kama asilimia 5, na mwaka 2012 ukafika asilimia 3.7. Sababu kubwa ni kwamba baada ya kuanguka kwa benki ya Lehman Brothers Septemba 2008, benki kuu ya nchi hiyo ilitangaza Novemba mwaka huohuo kwamba ingenunua kwa mabilioni ya dola dhamana zilizotokana na mikopo ya nyumba, ili riba ishuke.

Hapo ndipo inapoingia habari ya kukopa upya. Mwenye nyumba anachukua mkopo mpya wa riba ndogo, analipa wote ule wa zamani wa riba kubwa, na kuanza kurejesha huo mpya. Nyumba ni ileile na deni ni karibu lilelile, ila rejesho la kila mwezi linapungua. Marekani jambo hili ni la kawaida kwa sababu mikopo mingi ya nyumba huko ina riba isiyobadilika kwa miaka yote 30, na wakopaji wengi wanaruhusiwa kumaliza deni mapema bila faini. Riba ikipanda sokoni, hawaguswi. Ikishuka, wanakopa upya. Ni sawa na mkulima aliyefunga mkataba wa bei ya mbolea, kisha akapewa ruhusa ya kuuvunja siku bei ya dukani itakaposhuka. Ukweli ni kwamba wakopaji wa nchi nyingi hawana bahati hiyo.

Kutokana na mpango huo, bei na riba zina tabia mbili tofauti kwa mnunuzi. Bei aliyonunulia hawezi kuirekebisha tena. Riba anaweza kuirekebisha baadaye, kama masharti yatamruhusu. Na masharti hayo ndiyo yaliyowafungia mlango mamilioni ya watu.

Hesabu ya nyumba moja

Chukua mfano wa familia iliyonunua nyumba ya Dola 250,000 mwezi Machi 2006. Ililipa asilimia 10 taslimu, yaani Dola 25,000, na kukopa 225,000 kwa riba ya asilimia 6.4 kwa miaka 30. Rejesho lake ni kama Dola 1,407 kwa mwezi.

Baada ya miaka mitatu ya kulipa bila kukosa mwezi hata mmoja, deni limepungua hadi kama Dola 216,800 tu, kwa kuwa miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho huliwa na riba. Wakati huo riba sokoni imeshuka hadi asilimia 5. Familia ikikopa upya Dola 216,800 kwa riba hiyo, kwa miaka 30 mingine, rejesho litakuwa kama Dola 1,164. Hiyo ni nafuu ya Dola 243 kila mwezi. Kama gharama za wanasheria, uthamini na benki ni Dola 4,000, nafuu hiyo itazirudisha katika miezi 17, na kuanzia hapo kinachobaki ni cha familia.

Hesabu hiyo ina shimo dogo ambalo maofisa mikopo hawana haraka ya kulionyesha. Mkopo wa zamani ulibakiza miaka 27, na mpya unaanza upya na miaka 30. Dola 243 mara miezi 324 ni karibu Dola 79,000, lakini miaka mitatu iliyoongezwa mwishoni inagharimu karibu Dola 42,000. Zaidi ya nusu ya nafuu imerudi benki. Anayekopa upya kwa kipindi kilekile kilichobaki, au anayeendelea kulipa rejesho la zamani kwenye mkopo mpya, ndiye anayeipata faida kamili.

Shimo hilo ni dogo kwa sababu lingine ni kubwa. Nyumba ya familia hii imeshuka bei kwa asilimia 20, na thamani yake sasa ni Dola 200,000. Deni ni Dola 216,800. Benki inayoombwa mkopo mpya inatuma mthamini, mthamini anarudi na namba, na benki inakataa, kwa sababu hakuna benki inayokubali kwa hiari dhamana iliyo ndogo kuliko deni. Wamarekani wana msemo wao kwa hali hii; wanasema mkopo umezama. Katika miaka mibaya zaidi, takriban mkopo mmoja kati ya kila minne ya nyumba nchini humo ulikuwa umezama.

Familia haikukosea kulipa. Ina kazi na haidaiwi hata senti ya nyuma. Riba ndogo ipo sokoni, jirani aliyenunua mwaka 1999 ameipata, lakini wao wanabaki na asilimia 6.4. Kushuka kwa bei kumewanyima dawa ya kushuka kwa bei.

Serikali ililiona hilo. Machi 2009 ulianzishwa mpango ulioitwa HARP, uliowaruhusu wenye mikopo iliyokuwa mikononi mwa Fannie Mae na Freddie Mac kukopa upya hata kama deni limezidi thamani ya nyumba. Mwanzoni deni halikutakiwa kuzidi asilimia 105 ya thamani. Familia ya mfano huu ina asilimia 108, kwa hiyo Machi 2009 ingekosa kwa pointi tatu. Julai mwaka huohuo kiwango kilipandishwa hadi asilimia 125, nayo ingepita. Kwa watu wa Las Vegas hata asilimia 125 haikutosha, na ilibidi wasubiri hadi mwishoni mwa 2011, ukomo ulipoondolewa. Hadi mpango ulipofungwa Desemba 2018, zaidi ya mikopo milioni tatu ilikuwa imekopwa upya kwa njia hiyo.

Wengine hawakuweza kusubiri. Hao ni waliopewa mikopo ya masharti mabaya zaidi, yenye riba ndogo kwa miaka miwili ya kwanza, kisha riba inayopanda kufuata soko. Wengi wao waliambiwa wasihofu, kwamba kabla miaka miwili haijaisha watakopa upya. Bei za nyumba zilipokuwa zinapanda, ahadi hiyo ilitimia, kwa kuwa kila mwaka nyumba ilizidi deni. Bei zilipogeuka, mlango wa kukopa upya ulifungwa mwezi uleule ambao rejesho lilipanda. Nyumba zikaenda mnadani, na kila mnada ukavuta chini bei ya nyumba ya jirani.

Yaliwahi kuwapata wakulima

Wakulima wa Marekani walikuwa wameyapitia haya miaka 25 kabla ya watu wa mijini. Katika miaka ya 1970 bei ya nafaka ilikuwa nzuri, na ardhi ya jimbo la Iowa, kitovu cha mahindi, ikapanda bei mwaka hadi mwaka. Wakulima waliweka rehani mashamba ya zamani ili kununua mapya. Kisha benki kuu, chini ya Paul Volcker, ikapandisha riba kupambana na mfumuko wa bei. Wastani wa bei ya ekari moja Iowa ulikuwa Dola 2,147 mwaka 1981. Mwaka 1986 ulikuwa Dola 787.

Wakulima hao walipata pigo mara mbili, kwa sababu bei ya ardhi ilianguka wakati riba iko juu. Waliotaka kukopa upya ili kusogeza mbele deni la msimu walikuta shamba lililokuwa dhamana tosha miaka mitano iliyopita sasa halifiki nusu ya deni. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilitunga sehemu maalumu ya sheria ya ufilisi kwa ajili ya familia za wakulima, ili wapewe muda wa kupanga upya madeni bila kunyang'anywa shamba. Bei ya 1981 haikuonekana tena Iowa hadi mwaka 2003, na hiyo ni bila kuhesabu kwamba dola ya 2003 ilinunua kidogo kuliko ya 1981. Aliyesema atasubiri bei irudi alisubiri miaka 22.

Aliyesubiri alilipa nini?

Nyumba ileile ya Dola 250,000, ikiwa imeshuka kwa asilimia 27, mwaka 2012 ingeuzwa Dola 182,500. Mnunuzi akilipa asilimia 10 taslimu na kukopa zinazobaki kwa riba ya asilimia 3.7, rejesho lake ni Dola 756 kwa mwezi. Jirani yake aliyenunua 2006 na akashindwa kukopa upya analipa 1,407 kwa nyumba inayofanana.

Namba hizo zinavutia sana, na ndiyo maana wengi husema walijua. Lakini aliyesubiri miaka hiyo sita alikuwa anaishi mahali fulani. Kama kodi ya nyumba ilikuwa Dola 1,100 kwa mwezi, alilipa zaidi ya Dola 79,000 ambazo hazikumjengea hata ukuta mmoja. Tena ilibidi awe bado na kazi. Ukosefu wa ajira Marekani ulifika asilimia 10 Oktoba 2009, na benki zilizokuwa zikimkopesha kila mpita njia mwaka 2005 zilianza kudai malipo makubwa ya taslimu na kumbukumbu safi za madeni. Nyumba zilikuwa rahisi wakati ambapo mkopo ulikuwa adimu. Sehemu kubwa ya faida iliwaendea wenye fedha taslimu.

Kati ya hao wawili yupo wa tatu, ambaye hazungumzwi sana. Ni yule aliyenunua mwaka 2009 au 2010, kabla bei hazijafika chini, lakini akalipa asilimia 20 taslimu, akachukua riba isiyobadilika, na rejesho likawa kiasi ambacho kingelipika hata mshahara mmoja ukikatika. Bei ikashuka tena, akapoteza sehemu ya zile asilimia 20 kwenye karatasi. Lakini deni halikuizidi nyumba. Riba ilipofika chini mwaka 2012, mthamini alikuja, benki ikakubali, na rejesho likapungua. Hakulenga chini ya bei na hakupafikia, ila mlango wa kukopa upya ulibaki wazi kwake. Kwa mtu wa kipato cha kawaida, huyu ndiye wa kuigwa kuliko mbashiri aliyepatia.

Kukopa upya kusichukuliwe kuwa ahadi. Januari 2021 wastani wa riba ya miaka 30 Marekani ulishuka hadi asilimia 2.65, kiwango cha chini kuliko vyote tangu kumbukumbu za Freddie Mac zianze mwaka 1971. Oktoba 2023 ulikuwa umepanda hadi asilimia 7.79. Wanunuzi wa mwaka huo waliambiwa na madalali wanunue tu, watakopa upya riba ikishuka. Hadi mwisho wa 2024 wastani huo haukuwa umerudi chini ya asilimia 6 hata wiki moja.

Jina moja, kazi mbili

Afrika Mashariki nako kuna taasisi zenye jina la kukopesha upya mikopo ya nyumba, na jina hilo limewachanganya baadhi ya watu. TMRC ya Tanzania iliundwa mwaka 2010. KMRC ya Kenya iliundwa 2018 na kupata leseni ya Benki Kuu ya nchi hiyo mwaka 2020. Hakuna hata moja kati ya hizo inayompokea mwananchi mwenye mkopo wa riba kubwa na kumpa wa riba ndogo. Kazi yao ni kuzikopesha benki, na kwa Kenya pia vyama vya akiba na mikopo, fedha za muda mrefu, ili benki inayotumia amana za wateja za miezi michache iweze kumkopesha mtu kwa miaka 15 au 20. Faida humfikia mkopaji kupitia benki yake, kama itamfikia.

Soko lenyewe bado ni dogo. Kenya, yenye soko kubwa zaidi katika ukanda huu, ilikuwa na takriban mikopo 30,000 ya nyumba katika benki zote mwishoni mwa 2023. Mingi ni ya riba inayobadilika, na riba hizo kwa kawaida ni za tarakimu mbili. Maana yake ni kwamba mkopaji wa Nairobi au wa Dar es Salaam, tofauti na yule wa Iowa wa leo, benki ikipandisha riba anapanda nayo. Riba ikishuka sokoni, ni lazima aandike barua kuikumbusha benki.

Kwa aliye nao mkopo, au anayekaribia kusaini, yapo mambo matatu ya kuuliza kwa maandishi kabla ya kalamu kushikwa. Kuna faini ya kumaliza deni mapema, na ni asilimia ngapi ya kilichobaki? Benki nyingine ikikubali kuununua mkopo huo kwa riba ndogo, nani analipa gharama za kuondoa rehani ya zamani kwenye hati na kuandikisha mpya, pamoja na mthamini na wakili? Na kama mthamini atakuta dhamana imeshuka bei, je, mkataba unairuhusu benki kudai dhamana ya nyongeza hata kama rejesho halijawahi kuchelewa? Swali la mwisho ndilo ambalo maofisa mikopo hulijibu kwa kufungua mkataba kwanza, na mara nyingi jibu liko kwenye kurasa za nyuma, kwa herufi ndogo.